Edwin Link, fundi wa vinanda aliyefundisha mapiloti kuruka wakiwa chini

Leo tunawaelezea maisha ya muntu mumoja ambaye wengi kati yenu hamujasikia jina lake, lakini kazi yake inatufikia mpaka hapa kwetu ku mine. Siku hizi, ku mine kubwa za dunia, dereva mupya wa lori kubwa la kubeba mawe hapewi lori siku ya kwanza. Anaingizwa kwanza ndani ya kibanda, anashika usukani, na kibanda kinatikisika sawa lori ya kweli, ijapokuwa lori hakuna. Akigonga, amegonga hewa tu. Akiangusha lori ndani ya shimo, anajifuta jasho na anaanza tena. Ile mawazo ya kufundisha muntu kazi ya hatari bila kumutia ndani ya hatari, aliyeifanya iwe mashine ya kweli ni Mumarekani, Edwin Albert Link. Na hakuwa injinia. Alikuwa fundi wa vinanda.

Link alizaliwa tarehe 26 mwezi wa saba 1904 ku Huntington, ndani ya jimbo la Indiana. Mwaka 1910 baba yake alinunua kompani moja iliyoanguka ku Binghamton, jimbo la New York, na familia yote ikahamia kule. Kompani ile ilikuwa inatengeneza vinanda vya kujipiga vyenyewe. Muntu hapigi kitu. Ndani munapita karatasi ndefu yenye matundu. Hewa ikipita ndani ya tundu, inasukuma kamuvukuto kadogo, kamuvukuto kanavuta kifimbo, na kinanda kinaimba. Vinanda hivi viliuzwa ku mahoteli na ku sinema, wakati ule sinema haikuwa bado na sauti.

Mutoto Ed, ndivyo walimuita, alikomalia katikati ya mabomba, pompi na mivukuto. Mivukuto, wazee wetu wa Katanga waliijua muzuri, ile mifuko ya ngozi ambayo wafua shaba wa zamani walikuwa wanapulizia moto. Shuleni hakuwa na bahati. Alibadilisha shule mara nyingi, na universite hakufika. Lakini mupatie kinanda kilichokufa, atakifungua, atasikiliza hewa inapotoroka, na kesho kinaimba. Watu wa namna hii tunawajua ku atelier zetu: hana diplome, lakini mainjinia wakikwama, wanatuma mutoto kumuita.

Mwaka 1920, akiwa na miaka 16, alikuwa ku California. Huko alilipa dola 50 kwa somo moja la kurusha ndeke, ku kampani ya Sydney Chaplin, ndugu wa Charlie Chaplin ambaye wote tunamujua kwa sinema zake. Dola 50 wakati ule zilikuwa pesa nyingi sana. Mwalimu akamukalisha ndani ya ndeke, wakapanda, na kwa karibu saa nzima mwalimu akaonyesha ufundi wake: akapindua ndeke kichwa chini, akaizungusha, akapita karibu na manyumba. Kijana alikaa tu amejikaza. Waliposhuka, mukono wake haukugusa hata kitu kimoja. Alienda na hasira, sababu amelipa ili ajifunze, na hakujifunza kitu. Hasira ile haikumutoka tena.

Alirudi ku Binghamton, akafanya kazi kwa baba, na pesa kidogo aliyopata ilienda ku ndeke. Alijifunza vipande vipande, leo dakika kumi na tano, kisha majuma mawili bila kitu, juu pesa imeisha. Mwishoni mwa ile miaka akawa piloti wa kweli na akanunua moja ya ndeke za kwanza kabisa za kompani ya Cessna. Alizunguka nayo ku vijiji, akipandisha watu kwa pesa, akifundisha wengine. Na kila mara akifundisha aliona jambo moja: mwanafunzi anamaliza pesa yake juu, huko ambako mwalimu hawezi kusimamisha ndeke na kumueleza kosa lake. Ukikosea juu, mambo hayakungojei.

Kati ya 1927 na 1929 alijifungia ndani ya chumba cha chini cha usine ya baba yake. Alifanya kazi karibu mwezi kumi na nane. Alichukua vitu alivyovijua, vya vinanda. Akatengeneza kasanduku ka mbao sawa mwili wa ndeke, na mabawa mafupi na mukia mufupi. Akakaweka juu ya mivukuto mine. Ndani akaweka kiti, fimbo ya kuongozea na pedali mbili. Pompi ya umeme inavuta hewa. Ukisukuma fimbo mbele, muvukuto wa mbele unapoteza hewa na pua inashuka. Ukivuta, pua inapanda. Ukipeleka fimbo upande, bawa linalala. Mivukuto mingine ilizungusha kasanduku kote, sawa ndeke inayokata kona. Na ukikosea sana, ukipandisha pua mpaka ndeke ya kweli ingepoteza nguvu, kasanduku nako kanaanguka upande mumoja na kanajizungusha, tumbo linakupanda mpaka kooni. Kisha unafungua kamulango, unashuka chini urefu wa kiti tu.

Mwanafunzi mumoja wa kwanza alikuwa ndugu yake, George. Alikaa ndani ya kasanduku saa sita, kisha akapewa dakika 42 tu juu na mwalimu, na baada ya hapo akarusha ndeke peke yake, akairudisha muzima. Mwaka 1930 Link alifungua shule ku Binghamton. Kwa dola 85 alikubali kufundisha muntu mpaka aruke peke yake. Ku shule zingine bei ilikuwa inapita pale sana.

Mungefikiri kwamba wakubwa wa jeshi na wa makompani walikuja mbio. Hapana. Walikuja kutazama, wakapiga kichwa, wakaenda. Kasanduku kalionekana sawa kitu cha kuchezea, na kwa kweli waliokanunua kwa wingi walikuwa watu wa viwanja vya michezo. Watoto walitia senti ndani na wakajifanya mapiloti. Wakati ule ule sinema ikapata sauti, uchumi wa Marekani ukaanguka 1929, hakuna aliyenunua kinanda tena, na usine ya baba ikafa. Shule nayo ilikosa wanafunzi, juu nani angekuwa na dola 85? Mwaka 1931 alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka ule ule alioa Marion Clayton, mwandikaji wa gazeti. Bibi huyu tutamuona tena. Alitembea naye maisha yote, na ni yeye aliandika vitabu vinavyoelezea safari zao.

Ili wapate kula, Link alifunga taa chini ya mabawa ya ndeke yake, akawa anaruka usiku juu ya miji, na taa zinaandika majina ya biashara za watu. Inaonekana sawa kazi ya kichekesho, lakini ilimufundisha jambo kubwa: kuruka usiku na ndani ya mawingu, bila kuona kitu.

Hapa tusimame kidogo, juu wachimbaji munaelewa jambo hili kuliko wengine. Aliyeshuka chini na lampe yake ikazimika anajua. Giza linaingia, unageuka mara mbili, na mwili unakuambia kama njia iko kushoto, na unaamini kabisa, wakati iko kuume. Ndani ya mawingu ni vile vile. Sikio la piloti linamuambia kama ndeke iko sawa, wakati inalala na inashuka. Akiamini mwili wake, atakufa. Inamupasa kuamini mishale ya vyombo vilivyo mbele yake: hiki kinaonyesha urefu, hiki mwendo, hiki namna ndeke inageuka. Kuamini mushale wakati mwili wote unakataa, hiyo haiingii kwa maneno. Inaingia kwa mazoezi. Basi Link alitia vyombo vile ndani ya kasanduku kake, akatia kifuniko juu ili mwanafunzi asione inje, na yeye akakaa ku meza pembeni, anasema naye kwa waya sawa radio ya uwanja wa ndeke. Ku meza ile palikuwa kamashine ka magurudumu matatu kaliyotembea juu ya karte na kuacha mustari wa wino. Mwanafunzi akitoka, anaonyeshwa mustari: hapa ulipotea, hapa uligonga mulima.

Mwezi wa pili 1934 mambo yalibadilika, na yalibadilika kwa maiti. Prezida Roosevelt aliondolea makompani kazi ya kubeba barua za posta kwa ndeke, akaipatia jeshi. Mapiloti wa jeshi walikuwa vijana hodari wakati wa jua. Lakini barua haingojei jua. Ilikuwa baridi kali, teluji, ukungu, na usiku. Ndani ya majuma machache walianza kuanguka mumoja kwa mumoja, na hesabu ya waliokufa ikafika 12. Magazeti ya Marekani yakalia, watu wakauliza nani aliwatuma.

Ndipo wakubwa wa jeshi wakakumbuka yule muntu wa kasanduku. Wakamupa siku ya kukutana ku Newark. Siku ile ukungu ulifunika uwanja wote. Maofisa walitazama inje, wakaona hakuna atakayekuja, wakawa wanajitayarisha kwenda nyumbani. Wakasikia mungurumo. Link alitoka ku Binghamton peke yake ndani ya mawingu, akashuka kati ya ukungu, akasimamisha ndeke yake mbele yao. Hakuwa tena na neno kubwa la kueleza. Jeshi likanunua kasanduku sita, moja dola 3,500.

Kutoka pale kazi haikusimama. Inchi zingine zikaagiza, na kati ya za kwanza ilikuwa Japani. Ndiyo, Japani ile ile ambayo mwisho wa 1941 ilipiga Marekani ku Pearl Harbor. Hatuwezi kuficha jambo hili. Kasanduku hakana upande: kanafundisha yeyote anayekaa ndani. Na ni vizuri pia kusema wazi kama kijana aliyeponyeshwa na kasanduku asianguke ku mafunzo, alienda kisha kuangusha bombe juu ya manyumba ya watu. Kazi ya Link iliokoa mapiloti. Ile waliyotumwa kufanya ni mambo ya vita.

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia usine zake, ile ya Binghamton na ile ya Gananoque ku Canada, zilitengeneza zaidi ya kasanduku 10,000. Askari wa ndeke zaidi ya 500,000 walipitia ndani. Kasanduku kalipakwa rangi ya bulu na mabawa ya manjano, na askari wa inchi nyingi walikajua kwa jina la sanduku la bulu. Wengi walikachukia. Ndani kulikuwa joto na giza, mwalimu anaongeza upepo na mutikisiko, na ukitoka shati imelowana. Lakini kosa lililoua mwenzako ku kambi nyingine, wewe ulilifanya ndani ya sanduku mara kumi na ungali na pumzi.

Waingereza walikuwa na shida nyingine. Ndeke zao kubwa za bombe zilienda usiku mpaka Ujeremani, bila taa chini, na njia ilitafutwa ku nyota sawa vile watu wa bahari wanafanya. Kwa ombi lao, Link pamoja na Philip Van Horn Weems, mwalimu mukubwa wa kutafuta njia kwa nyota, walijenga munara sawa silo ya mahindi, urefu wake karibu metre 14. Juu walifunga mbingu ya kutengenezwa, nyota zake ni taa ndogo na zinatembea polepole sawa za kweli. Katikati ilining'inia sehemu ya ndeke, ndani piloti, mutafuta njia, na yule wa kuangusha bombe. Chini yao picha za inchi zinapita. Kundi zima lilikaa mule masaa mengi, sawa safari ya kweli: wanatafuta nyota, wanapiga hesabu, wanafika juu ya muji, wanatupa bombe ambayo haiko, wanarudi. Michezo ya vita vya ndeke ambayo vijana wanacheza leo ku ordinatere, na mashine kubwa za mapiloti wa sasa, zote ni wajukuu wa sanduku la bulu na munara ule.

Vita ikaisha. Link akatajirika, kompani ikatengeneza mashine za ndeke za reakteri, na mwaka 1954 akaiunganisha na kompani nyingine kubwa. Mwaka mumoja mbele, yeye na Marion walikuwa wameanzisha mufuko wa kusaidia wanaotafuta elimu ya ndeke na ya bahari. Alikuwa na miaka 50. Mwingine angekaa ku baraza. Yeye akatazama chini ya maji.

Ilianza na masua ya kutembelea tu, na kutafuta vyombo vya zamani vilivyozama. Mwaka 1959 yeye na Marion walienda ku Jamaika, ku muji wa Port Royal ambao sehemu yake kubwa ilimezwa na bahari kwa tetemeko la inchi tarehe 7 mwezi wa sita 1692. Kati ya vitu walivyotoa mulikuwa saa ya mufukoni, imejaa chumvi na mawe. Wakaipiga picha kwa mionzi ya redio, ile ya hospitali, na mahali pa mishale pakaonekana: dakika 17 mbele ya midi. Kwa saa ile ndogo watu wakajua wakati gani muji ulikufa.

Lakini mawazo yake yalikuwa mahali pengine: muntu wa kuzama anaweza kukaa chini muda gani? Kama unashuka dakika chache na kisha unatumia masaa kupanda polepole, kazi haifanyiki. Link akatengeneza silinda ya aliminiumu, nyembamba sawa jeneza kubwa, ambamo muntu anakaa chini na hewa ina nguvu sawa na ile ya maji, na anapandishwa ndani yake. Mwezi wa nane 1962, ku Villefranche-sur-Mer, Ufaransa, aliingia yeye mwenyewe kwanza, na miaka yake 58, akakaa masaa nane ku metre 18. Hatumutumi mwingine mahali ambapo wewe hujaingia. Mwezi uliofuata Mubelgiji Robert Sténuit alishuka ku metre 61 na akapitisha zaidi ya siku moja. Mwaka 1964, ku Bahamas, Sténuit pamoja na Jon Lindbergh walikaa saa 49 ku metre 132, ndani ya hema ya mpira. Walivuta hewa yenye eliumu, na sauti zao zikawa sawa za bata, watu wa juu hawakuelewa kitu.

Kisha ikaja masua ya chini ya maji aliyoipangia pamoja na tajiri Seward Johnson, na wakaiunganishia majina yao: Johnson Sea Link. Mbele ilikuwa na chumba cha duara, cha plastiki nene inayoona pande zote. Nyuma chumba kingine, cha aliminiumu, chenye mulango wa chini wa kutokea wazamaji.

Tarehe 17 mwezi wa sita 1973, karibu na Key West ku Florida, masua hii ilishuka ku masua ya zamani ya vita iliyozamishwa pale makusudi ili samaki wajenge ndani. Kina kilikuwa karibu metre 110. Ndani mulikuwa watu wanne. Wawili mbele. Nyuma mulikuwa Albert Stover, muzamaji wa siku nyingi, na Edwin Clayton Link, mutoto wa Ed na Marion, miaka 31. Wakati wa kuondoka, kamba na vyuma vya ile masua ya zamani vikawashika. Hawakuweza kwenda mbele wala nyuma.

Wachimbaji munajua nini inafuata pale galeri inapofungwa: si njaa, si kiu, ni hewa. Walikuwa na oksijeni. Lakini ile gazi karboniki tunayotoa kifuani inapaswa kuondolewa, na walikuwa na dawa ya unga inayoinyonya. Dawa ile haipendi baridi. Plastiki ya mbele ilizuia baridi kidogo, dawa ikafanya kazi. Aliminiumu ya nyuma ilipitisha baridi yote ya bahari, na dawa ikalala. Wawili wa nyuma walivaa mavazi mepesi, juu ilikuwa inje jua kali la Florida na safari ilipangwa kuwa fupi. Wazamaji wa jeshi walishuka mara na mara, mukondo wa maji na vyuma vikawashinda. Zaidi ya saa 30 zilipita. Mwishoni masua nyingine ilileta kamera ya kutazama chini na ndoano, ikashika Sea Link na kuivuta juu. Wawili wa mbele walitoka wazima. Clayton na Stover walikuwa wamekufa.

Baba ambaye kazi yake yote ilikuwa kuponyesha watoto wa wengine alizika wake, aliyefia ndani ya chombo alichokipanga yeye. Kuna watu waliofikiri ataacha bahari. Alirudi ku atelier. Alifanya kazi juu ya mashine isiyo na muntu ndani, inayoshuka kwa kamba ya umeme, yenye kamera, taa, na makasi ya kukata vyuma na kamba, ili masua ikishikwa tena chini, msaada usingoje muzamaji. Ile mashine ilimalizika, na ikatumika. Namna ya kulinda dawa ya hewa dhidi ya baridi, na mavazi ya joto ndani ya masua, navyo viliangaliwa upya.

Edwin Link alikufa ku Binghamton tarehe 7 mwezi wa tisa 1981, na miaka 77. Sea Link iliendelea kushuka miaka mingi baada yake. Mwaka 1986, wakati roketi Challenger ilipasuka na watu saba ndani, masua hii ilikuwa kati ya zilizotafuta vipande vyake chini ya bahari ya Florida.